Asilimia 22: "walipewa wakakataa" huhesabiwa kuanzia wapi?

Kila mjadala wa Palestina unapopamba moto, iwe barazani au redioni, hatimaye atatokea mtu wa kuitoa hoja ile: "Hawa walipewa nchi wakaikataa. Wakapewa tena, wakakataa tena." Huisema kwa utulivu wa hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. 1947 walikataa, 2000 wakakataa, 2008 wakakataa. Sasa wanalia nini?

Si hoja ya kipuuzi, na anayeitoa si lazima awe na chuki na mtu. Kila mwaka anaoutaja una ukweli wake. Mimi hunitatiza neno moja tu: "walipewa". Walipewa kutoka katika fungu la nani, na kipimo kilianza kuhesabiwa wapi?

Nitapita haraka kwenye yanayojulikana. Azimio namba 181 la Umoja wa Mataifa, 29 Novemba 1947, liliigawa ardhi iliyo kati ya Mto Yordani na Bahari ya Mediterania. Dola ya Kiyahudi ilitengewa asilimia 55 hivi, wakati Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi. Viongozi wao walikubali, Waarabu wakakataa, vita vikaja, na mwaka 1949 bunduki ziliponyamaza Israel ilikuwa imeshika asilimia 78. Kilichobaki ni Ukingo wa Magharibi pamoja na Jerusalem Mashariki, uliochukuliwa na Yordani, na Gaza iliyokuwa mikononi mwa Misri. Hiyo ndiyo asilimia 22. Mwaka 1967 nayo ikatekwa na Israel.

Sasa twende Algiers, mahali ambapo wachambuzi wengi huparuka kama vile hapakutokea kitu. Tarehe 15 Novemba 1988, Baraza la Taifa la Palestina, ambalo ni bunge lao la uhamishoni, lilikutana huko na kiongozi wao Yasser Arafat akatangaza dola. Dunia ilisikia shangwe za tangazo. Kilichomezwa na shangwe ni kwamba tangazo hilo liliegemea azimio 181, lile lile lililokataliwa miaka 41 kabla, na kwamba baraza lilikubali azimio 242 la Baraza la Usalama, lile la Israel kuondoka katika maeneo iliyoyateka 1967 na kila nchi kuishi kwa amani, liwe msingi wa mazungumzo. Kwa maneno mengine, Wapalestina walikuwa wakisema: Haifa, Yafa na Lydda, miji iliyo ndani ya ile 78, si mali tunayoidai tena kama nchi. Tunadai 22 iliyobaki. Tarehe 9 Septemba 1993 Arafat aliandika barua kwa Waziri Mkuu wa Israel, Yitzhak Rabin, akiitambua haki ya Israel kuishi kwa amani na usalama. Rabin alijibu kwamba Israel inaitambua PLO, chama cha ukombozi alichokiongoza Arafat, kuwa mwakilishi wa Wapalestina. Neno "dola" halikuwamo katika jibu hilo. Mmoja alitambua nchi, mwenzake alitambua ofisi.

Ukilielewa hilo, Camp David ya Julai 2000, yale mazungumzo ya amani yaliyofanyika Marekani, inabadilika sura. Kwa Ehud Barak, waziri mkuu wa Israel, mazungumzo yalikuwa yanaanzia kwenye 22: tugawane hiyo, nami nitakuwa mkarimu kuliko waziri mkuu yeyote aliyenitangulia. Na kweli alikuwa. Kwa Arafat, 22 yenyewe ndiyo iliyokuwa mapatano, bei iliyokwisha kukatwa Algiers. Arafat alikuja kulipana, Barak alikuja kuanza kupatana bei. Shlomo Ben-Ami, mmoja wa wajumbe wa Israel katika mazungumzo yale na baadaye mwaka huo waziri wake wa mambo ya nje, alisema hadharani miaka michache baadaye kwamba naye, angekuwa Mpalestina, angeikataa Camp David. Hakusema hivyo kuhusu mapendekezo ya Rais Clinton wa Marekani ya Desemba 2000, yaliyofika asilimia 94 hadi 96 ya Ukingo wa Magharibi pamoja na kubadilishana ardhi. Hapo lawama za Arafat ni nzito zaidi, maana intifadha, yaani uasi wa Wapalestina, ilikuwa imeshawaka naye akajibu kwa masharti juu ya masharti, mpaka Clinton akaondoka madarakani na Barak akashindwa uchaguzi na Ariel Sharon. Mwaka 2008 waziri mkuu wa Israel, Ehud Olmert, alimwonyesha Mahmoud Abbas, mrithi wa Arafat, ramani bora zaidi, lakini hakumwachia nakala, na Olmert mwenyewe alikuwa ameshatangaza kujiuzulu kwa sababu ya uchunguzi wa rushwa. Je, mtu atasaini mipaka ya nchi kwa ramani aliyoiona kwa macho tu? Labda angethubutu. Siwezi kumlaumu sana kwa kutothubutu.

Mwisraeli akinisikia atasema nimechagua pa kuanzia kuhesabu, na atakuwa sahihi. Wapo wanaoanzia nyuma zaidi: himaya waliyokabidhiwa Waingereza awali ilijumuisha na ng'ambo ya Mto Yordani, kwa hiyo Waarabu walikwisha kupata fungu lao, nalo linaitwa Yordani. Hoja hii sijawahi kuielewa. Ng'ambo ile ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mkulima wa Nablus, huku Ukingo wa Magharibi, hakuwahi kuulizwa kama anataka kuhamia Amman.

Lakini ipo hoja nyingine, na hiyo inanigusa. Mwisraeli wa kawaida, wa Ashkeloni au Sderot, miji iliyo jirani na Gaza, hahesabu asilimia. Anahesabu maroketi. Mwaka 2005 Sharon aliwaondoa walowezi wapatao 8,000 kutoka Gaza, wengine wakibebwa mikono na miguu na askari wao wenyewe. Januari 2006 Hamas, chama cha Kiislamu chenye wapiganaji wake, ilishinda viti 74 kati ya 132 vya bunge la Palestina, Juni 2007 ikaitwaa Gaza kwa nguvu, na maroketi hayakukoma. Ukimwambia mtu huyo aachie vilima vya Ukingo wa Magharibi vinavyotazamana na uwanja wa ndege wa Ben Gurion, usishangae akikutazama kama mwendawazimu. Machi 2002, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilipokutana Beirut kutoa mpango wa kuitambua Israel endapo itarudi kwenye mipaka ya 1967, jioni ya siku hiyo hiyo mshambuliaji wa kujitoa mhanga wa Hamas aliingia katika hoteli moja mjini Netanya, watu wakiwa mezani kwa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, akaua 30. Mpango ule ulizikwa na wale maiti. Na 7 Oktoba 2023, watu wapatao 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliokufa ni vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Ukitetea Palestina kwa kuipitia tarehe hiyo kwa haraka, hakuna Mwisraeli atakayekusikiliza tena, na sidhani kama anakosea.

Kisha kuna ufunguo. Katika kambi za wakimbizi, watu bado wanatunza funguo za nyumba walizokimbia mwaka 1948, na kizazi cha nne kinaahidiwa kurejea. Hapa hesabu yangu ya 22 inayumba. Kama mmekwisha kuridhika na fungu dogo, huuliza Mwisraeli, mbona mnataka mamilioni warudi ndani ya fungu letu? Ndilo swali gumu kuliko yote. Nitakalolisema ni kwamba mpango wa Beirut uliomba suluhisho la haki kwa wakimbizi "litakalokubaliwa", na jambo la kukubaliwa haliwezi kupita bila Israel kutia saini. Mlango ulikuwa umeachwa wazi. Hakuna aliyeusukuma.

Tuseme basi kwamba hofu ina msingi, na kwamba Wapalestina walikosa nafasi. Ipo namba moja ambayo nimejaribu kuioanisha na hofu hiyo na nimeshindwa. Mwaka 1993, Rabin na Arafat walipopeana mikono mbele ya Clinton, walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamepita 500,000. Jerusalem Mashariki wapo wengine zaidi ya 200,000. Serikali ya chama cha Labour iliingia, namba ikapanda. Ikaingia ya Likud, ikapanda. Ilipanda wakati wa mazungumzo, ikapanda wakati wa mabomu, ikapanda katika miaka ambayo Mamlaka ya Palestina ilishirikiana na usalama wa Israel na mitaa ya Tel Aviv ikatulia. Mtu anayeogopa jirani yake hujenga ukuta. Huyu amejenga ukuta, kisha akapeleka watoto wake wakalale upande wa pili wa ukuta. Usalama gani unaohitaji shule ya chekechea juu ya kilima cha Hebron?

Kwetu, shamba likiwa na kesi, jambo la kwanza wakili analokimbilia ni zuio: hakuna kujenga, hakuna kupanda mazao ya kudumu hadi shauri liishe. Mzee yeyote wa baraza la ardhi anajua sababu yake. Anayeruhusiwa kujenga wakati kesi inaendelea hana haja kesi iishe. Makubaliano ya Oslo, ambayo Rabin na Arafat walipeana mikono kwayo 1993, hayakuweka zuio la wazi la makazi ya walowezi. Badala yake, makubaliano ya 1995 yaligawa Ukingo wa Magharibi maeneo matatu. Eneo A, lenye miji, ni la Mamlaka ya Palestina. B ni ya mchanganyiko. C, ambayo ni asilimia 60, ipo chini ya Israel moja kwa moja, na humo Mpalestina anayetaka kuongeza chumba kwa ajili ya kijana wake anayeoa huomba kibali ambacho karibu kila mara hunyimwa. A na B zimetawanyika kama visiwa ndani ya C. Ukingo wa Magharibi wenyewe ni kama moja ya tano ya nchi nzima. Asilimia 40 yake ni asilimia 8 hivi. Kutoka 22 tumefika 8, bila vita wala mkutano wa Camp David, kwa vibali na barabara tu.

Ndiyo maana nilipoona mataifa makubwa yakijipanga Septemba 2025, Uingereza, Canada, Australia na Ureno siku moja, Ufaransa kesho yake, kuitambua dola ya Palestina, nilifurahi nusu. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kusimama na PLO tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Uhusiano ulirudi katika miaka ya 1990, na ubalozi ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018. Kutambua si kugeni kwetu. Mwezi mmoja kabla ya London kutambua, Israel iliidhinisha nyumba zipatazo 3,400 katika eneo la E1, mashariki ya Jerusalem, mahali panapounganisha kaskazini na kusini ya Ukingo wa Magharibi. Waziri wa fedha Bezalel Smotrich hakuficha: mradi huo, alisema, unalizika wazo la dola ya Palestina. Yeye angalau anasema analolifanya. Wanaotambua dola hawajasema watafanya nini kuhusu E1.

Na Gaza? Kilomita za mraba 365, haifikii nusu ya Pemba, ina watu zaidi ya milioni mbili, na wizara ya afya ya huko imehesabu waliouawa zaidi ya 70,000. Baraza la Usalama, 17 Novemba 2025, lilipitisha azimio 2803 linaloikabidhi Gaza kwa Bodi ya Amani itakayoongozwa na Donald Trump, na kusema kwamba mageuzi yakifanyika "huenda" zikapatikana hali za kuelekea dola. Asiyekuwepo na lake halipo. Mpalestina hana kiti cha juu katika bodi hiyo. Kwa usitishaji mapigano ulioanza 10 Oktoba, jeshi la Israel lilirudi nyuma hadi kwenye mstari wa manjano, likabaki na zaidi ya nusu ya ukanda. Kuuonyesha mstari, askari walipanga matofali makubwa ya zege yaliyopakwa rangi hiyo. Yananyanyulika kwa mashine, yanaweza kurudishwa nyuma au kusogezwa mbele, na tunaambiwa ni ya muda. A, B na C nazo ziliposainiwa zilikuwa za muda. Zilipangwa kwisha mwaka 1999.