Yatima wapite mbele

Juzi nimenyimwa umbea kazini nikanuna siku nzima. Mi ni msaidizi wa mwalimu kwenye sekondari moja huku Uingereza, na kuna mtoto nilikuwa namwona kila muhula anaitwa kikao na mwalimu mmoja, anarudi na karatasi. Nikauliza kistaarabu kabisa, huyu mtoto vipi, wazazi wake wako wapi? Mwalimu akatabasamu, akasema ukihitaji kujua nitakwambia, akabeba chai yake akaondoka. Yaani mimi! Miaka mitatu niko pale!

Wiki iliyofuata nikapangiwa kukaa nae kwenye hesabu ndo nikaambiwa, na hata hapo nimepewa kile tu cha kunisaidia kwenye hesabu. Kumbe mtoto yuko chini ya halmashauri, analelewa na familia isiyo yake. Na yule mwalimu yupo pale kisheria, kila shule ya serikali lazima iwe na mmoja wa kuwafuatilia watoto wa aina hiyo, na tangu 2018 hata wale walioshatoka huko wakaasiliwa nao wamo. Kila muhula wanakaa kupanga elimu ya mtoto mmoja, mmoja! Halmashauri nayo ina mwalimu mkuu wa watoto hao wote, hedimasta asiye na jengo wala kengele, na kila mtoto ana fungu lake, zaidi ya paundi 2,500 kwa mwaka. Na darasani hakuna anayejua. Aliyekaa nae dawati moja hajui.

Sasa mi nimesoma Morogoro, nimelelewa na bibi. Mnaijua ile asubuhi wageni wanakuja na gari nyeupe, mwalimu wa zamu anasimama paredi anasema "yatima wote wapite mbele". Mnapita. Daftari sita, sabuni mche mmoja, picha, "tabasamuni watoto", halafu shule nzima inawapigia makofi. Nilikuwa darasa la nne. Mpaka namaliza la saba niliitwa Msaada, na sio kwa ubaya, ndo jina lilishakaa.

Najua mtakavyosema. "Ashaonja ulaya anatusema." "Hao wazungu wako si ndo wananyang'anya watu watoto?" Ngoja kwanza. Sijasema huku ni peponi. Watoto hao hao wanahamishwa nyumba hii kwenda ile, wengine mpaka mji mwingine, na matokeo yao ya mitihani bado yako chini sana ukilinganisha na wenzao pamoja na vikao vyote hivyo. Na niseme kwa kujidai kabisa, bibi yangu alitulea wanne kwa kuuza vitumbua, hakuna halmashauri iliyomlipa hata mia wala hakuna aliyetuita faili namba ngapi, kwetu mtoto wa marehemu anahamia kwa shangazi kabla hata arobaini haijaisha na hakuna anayejaza fomu. Hilo huku hawana na hawatakaa walipate kwa bajeti yoyote.

Lakini kwani kumficha mtoto aibu yake ni shilingi ngapi? Msiniambie umaskini. Msiniambie walimu wachache, madarasa watoto mia, nayajua hayo nimeyakalia. Kumwita mtoto ofisini baada ya vipindi ukampa daftari zake kwenye mfuko mweusi kunahitaji mfadhili gani? Na lile la "kalete mzazi" kwa mtoto ambaye mwalimu anajua fika hana mzazi, nalo ni bajeti? Kuna siku niliambiwa nisirudi bila baba, nikaenda kukaa mtoni mpaka jioni. Bibi hakuwahi kujua.

Nikampigia dada yangu, yeye ni mwalimu wa msingi huko huko nyumbani, nikamwaga yote haya. Akanisikiliza wee, akasema mdogo wangu, bila picha hela hairudi mwaka kesho, na wafadhili wenyewe ndo hao hao wa huko kwenu. Hapo alinikamata, sikuwa na la kusema. Nikamuuliza tu, na nyie mnawasimamisha wapi?

Akanyamaza kidogo. Akasema pale pale, kwenye bendera.