Hasa Hasa, Kwenu Wapi?

Usiku wa sensa ya 2019, karani alitugongea mlango Kuze, Mji wa Kale Mombasa, mwendo wa saa tatu, tableti mkononi, mzee wa mtaa nyuma yake na tochi. Maswali yalikwenda mbio: wangapi wamelala hapa, maji mwatoa wapi, choo cha namna gani. Yakakwama kwenye kabila. Nyanya alikuwa mkekani akichambua mbaazi, akajibu bila kuinua uso: "Baba Mkilindini. Mama Mdigo. Mamake baba Mbajuni wa Faza."

Karani akakuna kichwa. "Nyanya, chagua moja tu."

"Chagua wewe, mwanangu. Mashine ni yako."

Alichoandika sikukiuliza. Matokeo yalipotoka tukaambiwa Mombasa ina watu 1,208,333, nami nikajisemea nyanya yumo humo mahali, kapunguzwa vipande viwili.

Lakini tukiilaumu serikali peke yake tutakuwa tunaionea. Sisi wenyewe tuna kipimo chetu, na ni kikali kuliko tableti. Nina rafiki aliyezaliwa Chaani miaka hamsini na ushei iliyopita, babake kuli wa bandarini aliyekuja kutoka Machakos. Husema "yuwaja" kama sisi wapwani, bila kujilazimisha. Ajua mahamri ya nani yana iliki na ya nani ni unga mtupu. Juzi, tukinywa kahawa, mzee mmoja akamuuliza atoka wapi. Chaani, akasema. "Chaani naijua, bwana. Hasa hasa, kwenu?"

Hiyo "kwenu" ndiyo mizani yetu. Haipimi ulipozaliwa wala unapolipa kodi ya nyumba. Hupima babu yako kazikwa wapi.

Kinachonichekesha ni kuwa mpaka wenyewe wa pwani na bara ulichorwa na watu wasiowahi kukaa baraza letu. Mwaka 1895 Waingereza walikodi kwa Sultani wa Unguja ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Bara ikaja kuwa koloni, sisi tukabaki himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikiendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Uhuru ulipokaribia, watu wa Mwambao, ndilo jina la vuguvugu lao, wakataka ukanda ujitawale au urudi kwa Sultani. Kamishna wa Kiingereza, Sir James Robertson, akatumwa mwaka 1961 kuja kusikiliza, akapendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, wakamaliza jambo.

Husimuliwa kana kwamba wapwani sote tulikuwa upande mmoja. Hatukuwa. Mwanasiasa Ronald Ngala na Wamijikenda wengi, yaani Wagiriama, Waduruma, Wadigo na wenzao, hawakuutaka Mwambao hata kidogo. Kwao lilikuwa jina jingine la kutawaliwa na Waarabu. Na hilo jina Mijikenda lenyewe ni changa, lilishika miaka ya 1940. Kabla yake Mgiriama alikuwa Mgiriama, Mduruma akawa Mduruma, na sisi wa mjini tukiwaita wote Wanyika, watu wa porini. Neno hilo siku hizi hatupendi kukumbushwa. Twasema "sisi wapwani" na kupita haraka.

Leo Pwani ni kaunti 6, na Taita Taveta imo. Hebu pima maili zako 10 kutoka baharini uone kama utafika Voi.

Kilichotuunganisha, kwa maoni yangu, si damu wala lugha. Ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mtu aje na dai lake liandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Mpaka leo kuna familia zinazoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Uchungu huo Mdigo anao, Mgiriama anao, Mswahili anao. Naelewa kwa nini neno "mbara" hutoka mdomoni na ukali wake.

Ila kuli wa Chaani hakuwa na hati yoyote. Na hapa ndipo kumbukumbu zetu zinaponitia aibu. Barazani utahadithiwa Mreno, utahadithiwa Wamazrui waliowahi kuutawala mji, utasomewa na beti za mshairi Muyaka. Mgomo wa Januari 1947 sijausikia hata mara moja. Wafanyakazi zaidi ya 10,000, wa bandari, wa reli, hata wa mahotelini, waliacha kazi, na mji ukasimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia akaibuka kuwa msemaji wao. Wengi wao walitoka bara, na ni wao waliokuwa wakizibeba mgongoni shehena zilizoulisha mji huu. Kwa nini hiyo isiwe historia ya Mombasa?

Rafiki yangu naye hana usafi wote. Disemba ikifika husema anapeleka watoto "nyumbani", na nyumbani ni Machakos, alikozikwa babake. Nikimtania, hukasirika kweli.

Sensa huja kila miaka 10. Ile ya 2029 nyanya hatakuwepo, Mungu amrehemu, kwa hivyo nitajibu mimi. Mke wangu ni Mtaita, watoto wamezaliwa Mikindani, hapa hapa Mombasa. Karani aje mapema.