Kupima ubongo kwa mwanga, na hizi nywele zetu je?

Kuna mashine moja mi naipenda sana na natamani watafiti wetu waichangamkie zaidi, ile ya kupima ubongo kwa mwanga. Unavalishwa kofia yenye vitaa na sensa basi, hakuna sindano, hakuna kuingizwa kwenye lile bomba la MRI, mashine kubwa ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, linalogonga-gonga, na mtoto mchanga anapimwa akiwa amepakatwa na mama yake.

Inavyofanya kazi ni hivi, mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni vizuri unapenya ngozi na mfupa kuliko mwanga wa kawaida, na kinachoumeza sana huko ndani ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Sasa himoglobini yenye oksijeni na ile isiyo na oksijeni haziumezi sawasawa, kwa hiyo mashine inatuma mwanga wa aina mbili, mara nyingi mmoja wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 760 na mwingine 850, halafu inaangalia kiasi gani kimerudi, na hapo inajua damu yenye oksijeni imeongezeka au imepungua sehemu hiyo ya ubongo. Aliyeonesha kwamba hili linawezekana ni Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 90 ndo watu wakaanza kuangalia nayo ubongo ukiwa kazini.

Kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni cha kuona. Sensa zinawekwa kisogoni maana huko nyuma ndiko ubongo unakochambua vitu vya macho, mbele yako kwenye skrini kuna miraba myeusi na myeupe inabadilishana rangi harakaharaka kwa muda, kisha skrini inatulia. Damu haiji papo hapo. Neva zinaanza kazi, mishipa midogo inatanuka, na baada ya sekunde kama tano sita ndo unaona kwenye grafu ya kompyuta mstari wa damu yenye oksijeni unapanda na ule wa isiyo na oksijeni unashuka. Wengi wangetegemea kinyume chake, kwamba oksijeni itapungua kwa vile inatumika, kumbe mwili unaleta damu nyingi kuliko inavyohitajika pale. Ni kweli mashine inaona tabaka la juu tu la ubongo, na damu ya kwenye ngozi ya kichwa inaweza kuchanganya majibu, ndo maana wanaweka na sensa zilizo karibu sana na vitaa, zinazosoma ngozi tu, ili waitoe hiyo damu ya ngozi kwenye hesabu.

Na haihitaji jengo la mabilioni. Kule Keneba, kijijini Gambia, watafiti wakiwemo Clare Elwell na Sarah Lloyd-Fox kutoka Uingereza wameshapima ubongo wa watoto wachanga kwa njia hii, watoto wanaoneshwa video za watu wanacheza nao kwa mikono na macho, na waliorekodiwa kwenye hizo video ni Wagambia wenyewe. Hapo walifanya la maana sana.

Sasa kinachoniuma. Nywele nyeusi, nene, za kujisokota zinazuia mwanga, na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo inaumeza. Fundi wa mashine anachukua kijiti anaanza kuzitenganisha nywele chini ya kila kitaa mpaka ngozi ionekane, kitaa kimoja baada ya kingine, mhusika shingo imeshachoka, na mwisho wa siku bado sehemu nyingine hazisomi kitu. Matokeo yake mtu anaondolewa kwenye utafiti kwa sababu "data ni mbaya", yaani kichwa chake ndo kimekuwa kosa! Watafiti wenyewe wameshaliandika hili. Wapo wanaosema si anyoe tu au afumue, hebu mwambie dada aliyekaa kwa msusi tangu asubuhi akilipia rasta zake, afumue kwa ajili ya kipimo cha nusu saa.

Na si jambo dogo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinatumia kanuni hiyohiyo ya mwanga, na mwaka 2020 watafiti wa Michigan kule Marekani waliripoti kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kifaa kilikuwa hospitalini miaka na miaka, kipindi cha korona tukakitegemea kwelikweli.

Kwa hiyo mi nasema chuo chochote cha kwetu kinachotaka kununua hii mashine kimwambie muuzaji aje aijaribu kwanza kwenye twende kilioni, kwenye afro, kwenye rasta, kwenye ngozi nyeusi tii, tuone mistari inatoka au haitoki, ndo malipo yafuate. Msusi aajiriwe kwenye timu na alipwe kama fundi mwingine yeyote, maana kugawa nywele bila kumuumiza mtu anajua kuliko daktari. Na kila ripoti ya utafiti iandike wazi wangapi waliondolewa kwa sababu ya nywele au ngozi zao.