Nilingoja hodi, kumbe zamu ilikuwa yangu

Mwezi wa kwanza, kila ikifika saa tisa alasiri nilipangusa viti vya sebuleni, nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaa kungoja. Tanga nilikozaliwa, mtu akihamia mtaani hazipiti siku tatu bila majirani kuchungulia. Wengine huja kwa heri, wengine kwa umbea, ila watakuja. Katika kijiji hiki cha milima ya Schwäbische Alb, kusini mwa Ujerumani, hakuja mtu. Mume wangu alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi ya uuguzi, binti yetu wa miaka mitatu akiniuliza watu wa hapa wamekwenda wapi, na ile chai nikainywa mwenyewe.

Nikakata shauri haraka: hawatutaki. Kundi letu la WhatsApp likaniunga mkono kwa sauti moja. "Hameni huko, njooni mjini, mtaonana na Waswahili wenzenu." Leo ni mwaka wa pili, na nina neno ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: sehemu kubwa ya upweke ule tuliutengeneza wenyewe.

Huku mgeni ndiye anayepiga hodi. Unahamia, unapita kwa majirani, unataja jina, unasema sisi ndio wa ghorofa ya juu, basi, umemaliza. Usipopita, wanaelewa kwamba unapenda kuachwa na mambo yako, nao kwa adabu wanakuacha. Sisi tukangoja wao, wao wakatungoja sisi, na kila upande ukamwona mwenzake ana maringo. Haya niliambiwa miezi minne baadaye na bibi wa ghorofa ya chini, kwa Kijerumani sanifu alichokitoa kwa taabu, maana hapa watu wanazungumza Kischwäbisch, lahaja ya huku, na cheti changu cha A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, nilichokisomea Dar es Salaam hakikuwa na hata neno moja la lahaja hiyo.

Kilichotukutanisha ni kibao. Jumatatu moja asubuhi nilikikuta kimening'inia kwenye kitasa cha mlango wetu, kimeandikwa Kehrwoche. Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Kitu usichokijua kikiwekwa mlangoni kwako hukishiki hivi hivi. Nilikizunguka mpaka mume wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kumbe ni zamu ya usafi: wiki hii unafagia ngazi, ukumbi na njia ya mbele ya nyumba, wiki ikiisha unamtundikia jirani kibao mlangoni kwake. Nikashuka na ndoo na tambara. Bibi akafungua mlango, akanitazama ninavyodeki nimeinama, akarudi ndani na kutoka na fagio la kudekia lenye mpini mrefu. Mazungumzo yetu ya kwanza yalihusu mgongo wangu.

Wiki ileile nikapika maandazi ya hiliki, nikapita nyumba sita. Wawili hawakufungua. Sahani ya bibi ikarudi kesho yake, imeoshwa inang'aa, na tupu! Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nikashinda nikijiuliza nimemkosea nini. Siku kumi baadaye akaniletea kreti nzima ya juisi ya tufaha zilizochumwa kwenye miti yao. Kumbe hakusahau. Kwake yeye sahani ni sahani tu, na shukrani ina siku yake.

Wanaosema Wazungu hawasalimii hawajaishi kijijini. Hapa ukipishana na mtu njiani, mzee kwa mtoto, lazima "Grüß Gott", salamu inayomtaja Mungu. Nikienda Stuttgart, hakuna anayeniangalia usoni. Ndiyo maana ule ushauri wa kuhamia mjini sikuufuata: kijiji hiki, pamoja na ubaridi wake wa mwanzo, kinafanana zaidi na kwetu.

Lakini si kila kitu kinaponywa kwa maandazi. Basi letu linapita mara nne kwa siku, Jumapili halipo kabisa. Leseni ya udereva ya Tanzania inakubalika kwa miezi sita tu tangu uanze kuishi Ujerumani. Baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiarabu, Kituruki, hata Kikroatia, ila Kiswahili hakimo. Mama mwenye mtoto mdogo, kijijini, bila gari, na mume anayefanya zamu za usiku, ni mfungwa mwenye bustani nzuri. Sikulijua hilo, miezi sita ikapita nikiangalia theluji. Mwenzangu unayekuja, anza na leseni kabla hujanunua hata pazia.

Na chekechea! Tangu 2013 sheria inampa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata nafasi. Haki tuliikuta, nafasi tukaingoja miezi saba. Ilipopatikana, nikaambiwa mzazi anakaa na mtoto darasani mpaka azoee. Wiki tatu nikakaa kwenye kiti kinachonifikia gotini, nikiimba nyimbo za sungura na watoto wenye kamasi. Sijawahi kujifunza lugha kwa kasi ile. Binti yangu alizoea siku ya nne. Aliyehitaji wiki tatu ni mimi. Sasa ananisahihisha matamshi, na nikimwambia jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kischwäbisch, vita ambayo hatujaishinda na wala hatujaiacha.

Juzi imehamia familia kwenye nyumba ya kona. Sijui wametokea wapi. Nimeona baiskeli ya mtoto na makasha mengi, na mapazia yamefungwa mchana kutwa. Mume wangu, ambaye siku hizi ni Mjerumani kuliko Wajerumani, anasema tutulie, wao ndio wa kuja kujitambulisha, ndiyo desturi.

Nimeshakanda unga.