Kabla ya Kusaini Mkataba wa Shule ya Kimataifa

Mwalimu anapopokea barua ya ajira kutoka shule ya kimataifa, jicho hukimbilia kwanza kwenye tarakimu za mshahara, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu mara nyingi ni hizo zilizomfanya aombe kazi yenyewe. Hata hivyo, mshahara ndio jambo rahisi kuliko yote kulipima. Yanayomtesa mwalimu baadaye, au kumfanya asijutie hata siku moja, huwa ni mambo mawili ambayo barua hiyo huyapitia juujuu: aina ya shule iliyo nyuma ya neno “kimataifa”, na masharti ya kuondoka.

Neno lenyewe halina mlinzi. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilipoanzishwa mwaka 1924, ilikusudiwa watoto wa watumishi wa Ushirika wa Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, na jina lilijieleza. Leo jina hilo hubebwa na shule za kila namna: zinazoendeshwa na bodi ya wazazi bila kutafuta faida, zinazomilikiwa na kampuni zenye shule katika nchi nyingi, na hata zile ambazo ukimataifa wake unaishia kwenye kibao cha getini. Kwa hiyo mwombaji anapaswa kujua kwanza ni mtaala upi unaofundishwa na ni nani aliyeuthibitisha. Shule inayotoa programu za International Baccalaureate, yaani IB, taasisi ya kimataifa yenye mitaala na mitihani yake, lazima iwe imeidhinishwa na taasisi hiyo. Inayotahini kwa mitihani ya kimataifa ya Cambridge, ya Uingereza, lazima iwe imesajiliwa nayo. Na yapo mashirika, kama Council of International Schools, yanayotoa ithibati baada ya shule kujitathmini na kutembelewa na wakaguzi. Kuhakiki hayo ni kazi ya dakika chache. Lakini tusidanganyane: idhini ya kufundisha mtaala si cheti cha mwajiri mwema.

Faida iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, si fedha bali ni kukua katika ufundi wa kazi. Chukua Diploma ya IB, programu ya miaka 2 ya mwisho wa sekondari, ambamo mwanafunzi husoma masomo 6, kila somo likipewa alama kati ya 1 na 7, na jumla ya juu kabisa ni 45 baada ya kuongezwa pointi 3 za insha ndefu ya utafiti na nadharia ya maarifa, somo la kuhoji tunajuaje tunachokijua. Insha hiyo, isiyozidi maneno 4,000, mwalimu huisimamia bila kuiandika. Huketi na mwanafunzi, husikiliza swali lake la utafiti, huona kwamba ni pana mno kiasi cha kujaza kitabu, kisha hulazimika kujizuia asilikate mwenyewe, humuuliza tu, “Utalijibu kwa ushahidi gani?” na kunyamaza mpaka kijana aone kasoro. Kwa mwalimu aliyezoea kujaza ubao na kukimbizana na silabasi, kunyamaza huko ni somo gumu kuliko mafunzo mengi ya kazini, na akishalimudu hakuna mwajiri anayeweza kumnyang’anya.

Upande wa pili nao una uzito wake. Ada kubwa humfanya mzazi ajione mteja, na hali hiyo hujitokeza waziwazi zaidi kwenye alama za makadirio. Vyuo vikuu vingi, hasa vya Uingereza, hutoa nafasi zenye masharti kwa kutegemea alama ambazo mwalimu anakadiria mwanafunzi atapata kabla mtihani haujafanyika. Mwalimu anapoandika 5 mahali ambapo familia ilikuwa ikihesabu 7, barua pepe ya kwanza humjia yeye, ya pili humwendea mratibu wa diploma, na ya tatu hutua mezani kwa mkuu wa shule. Kama mkuu huyo atasimama na mwalimu wake au atamwita faragha amwombe “aitazame upya” alama hiyo, hapo ndipo shule hupimika, kuliko kwenye bwawa la kuogelea linalopamba tangazo la kazi. Ningemshauri mwombaji aulize kwenye usaili: mara ya mwisho mzazi alipopinga alama, mlifanya nini? Anayejibu kwa mfano halisi ana utaratibu. Anayejibu kwa sifa za shule hana.

Kisha kuna muda. Mikataba mingi ya kwanza ni ya miaka 2, na kwa anayetoka nje ya nchi kibali cha kazi kwa kawaida hufungamana na mwajiri huyo huyo, hivyo ugomvi wa kazini unaweza kugeuka kuwa suala la uhamiaji. Anayeacha ajira ya kudumu anapaswa kulinganisha mwaka kwa mwaka, si mwezi kwa mwezi, akiingiza kwenye hesabu michango ya pensheni inayokatika, kwani kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba hakiwezi kufanya kazi ya pensheni. Aulize pia kama ameajiriwa kama mwenyeji au kama mgeni. Zipo shule ambazo walimu wawili wenye vipindi sawa na sifa zinazokaribiana huketi meza moja, mmoja akilipiwa nyumba na tiketi za ndege, mwingine asilipiwe. Malipo yanaweza kuwa mazuri na bado tofauti hiyo ikatafuna moyo.

Kwa asiye na familia inayomtegemea, mimi naona hatari hiyo inabebeka. Kwa mwenye watoto hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu kinachomvuta ni nafasi za masomo kwa watoto wake, zenye thamani inayoweza kukaribia hata mshahara wenyewe. Ajue ni asilimia ngapi ya ada inayosamehewa na kwa watoto wangapi, na kama sheria ya kodi ya nchi husika huhesabu nafuu hiyo kuwa kipato. Kuna jambo wengi hulisahau: mtoto akishaingia katika mtaala huo, mkataba wa mzazi ndio unaomshikilia darasani. Mzazi asipoongezewa mkataba mtoto akiwa katikati ya ile miaka 2 ya diploma, nyumba nzima hupoteza kazi na shule kwa barua moja.

Ndiyo maana kifungu cha kusitisha mkataba kinastahili kusomwa kabla ya kile cha mshahara: notisi ni ya miezi mingapi kwa kila upande, nyumba ya shule inarudishwa baada ya siku ngapi, na mtoto aliyekwisha kuanza mwaka wa mwisho ataruhusiwa kuumaliza kwa ada ipi. Kama hilo la mwisho halimo, liombwe kwa maandishi kabla ya kusaini, wakati shule bado inamhitaji mwalimu kuliko mwalimu anavyoihitaji shule.