Kazi, Tabaka na Ugonjwa: Nairobi Inapima Nini na Inaacha Nini

Mgonjwa wa shinikizo la damu akiingia katika zahanati ya mtaani Nairobi, maswali atakayoulizwa yanajulikana: anavuta sigara, anakunywa pombe, anatia chumvi kiasi gani katika chakula, hufanya mazoezi? Ni maswali ya haki na majibu yake yana maana. Ila ni nadra kuulizwa zamu zake zinamwachia saa ngapi za kulala, anabeba mizigo ya uzito gani, au hewa anayovuta kazini imechanganyika na nini. Kutokana na pengo hilo, mjadala wetu kuhusu kazi, tabaka na maradhi umeegemea upande wa tabia za mtu binafsi, na naamini umeegemea huko kwa kuwa upande huo ndio rahisi kupimwa, wala si kwa kuwa ushahidi wake ni mzito kuliko wa upande wa pili.

Wazo kwamba kazi huleta ugonjwa si geni. Mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi ya mafundi na wafanyakazi, akawasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Mwaka 1775 Percivall Pott wa London alieleza jinsi wasafishaji wa mabomba ya moshi, walioanza kazi hiyo wangali watoto, walivyopata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kutokana na masizi. Hapo hapakuwa na utata mkubwa, maana kazi moja na kitu kimoja vilileta ugonjwa mmoja. Utata ulianza pale watafiti walipoacha kazi zenye sumu inayoonekana kwa macho, wakaingia ofisini.

Utafiti unaotajwa zaidi na wanaoamini nguvu ya tabaka ulianza London mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali wa kiume zaidi ya 17,000, na Michael Marmot ndiye aliyeupatia umaarufu. Hawa wote walikuwa na ajira ya kudumu, mshahara wa uhakika na huduma ya matibabu bila malipo, na hakuna aliyekuwa akichimba madini. Hata hivyo, vifo vya walio katika daraja la chini kabisa, wakiwamo matarishi na mabawabu, vilikuwa takriban mara tatu ya vile vya wakuu wa idara, na katikati ya ncha hizo mbili kila daraja lilikuwa na hali mbaya kuliko lililo juu yake. Sigara, shinikizo la damu na mafuta katika damu, vikijumlishwa, vilieleza takriban thuluthi moja tu ya tofauti hiyo katika ugonjwa wa moyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwajumuisha wanawake, ulionyesha kwamba mtu asiye na usemi juu ya mpangilio wa kazi yake yumo hatarini zaidi kupata ugonjwa wa moyo.

Wanaopinga tafsiri hiyo wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Wanauliza kama kazi ndiyo inayomdhoofisha mtu, au mtu dhaifu ndiye anayechujwa na kuishia katika kazi duni. Mfano wao bora unatoka kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba madereva, waliokuwa wakikaa kitini kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Ilionekana kama ushahidi kamili kwamba kazi ya kukaa ni hatari. Baada ya miaka michache Morris mwenyewe akachunguza vipimo vya sare zao na kugundua kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta wa umri uleule. Ikabidi kuuliza kama kiti ndicho kilichowanenepesha, au kama wenye mwili mzito ndio waliopendelea kiti tangu mwanzo. Namheshimu sana mtafiti anayerudi kuitikisa hoja yake mwenyewe namna hiyo.

Swali hilohilo lingefaa kwenye matatu zetu, japo hapa mambo yanabadilika kidogo. Makanga anayening'inia mlangoni kwenye barabara ya Jogoo anasogeza viungo kuliko dereva wake, lakini mapafu yake yamo katika moshi wa dizeli tangu alfajiri, na moshi huo uliainishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2012 kuwa kisababishi cha saratani. Faida ya miguu inaweza kuliwa na hasara ya kifua.

Hoja nyingine ya upande huo inatoka hapahapa Kenya, nayo inavuruga fikra kwamba ugonjwa humfuata maskini siku zote. Unene wa kupindukia miongoni mwa wanawake wa Kenya huongezeka kadiri mali ya kaya inavyoongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulikuta virusi vya UKIMWI vimeenea zaidi miongoni mwa wanawake wa kaya zenye uwezo kuliko wa kaya maskini kabisa. Mwaka 2017 kipindupindu, ambacho tumezoea kukihusisha na mitaro ya Mathare na Mukuru, kiliingia katika hafla za watu wa vyeo jijini hadi mawaziri wawili wakalazwa hospitalini. Virusi vya korona navyo viliwasili Machi 2020 kwa ndege, si kwa matatu. Anayesema kwamba umaskini ndio chanzo cha kila ugonjwa hana budi kuyajibu haya kwanza.

Nayakubali yote, lakini yanahusu zaidi nani anapatwa na ugonjwa kuliko yanavyoeleza kinachofuata baada ya kupatwa. Mawaziri wale walitibiwa mapema na kurudi kazini. Mwenye kisukari wa Lavington, mtaa wa wenye uwezo, hupimwa damu yake kila baada ya muda, akapewa dawa, na huenda akaishi hadi uzeeni. Tafiti za Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, ambacho kimefuatilia wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, zimekuta kwamba wengi wenye shinikizo la damu katika mitaa hiyo hawakuwa wakijua kwamba wanalo. Kwa mtu wa namna hiyo dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi.

Kuna pia kazi ambazo hatari yake haihitaji nadharia ya matabaka kueleweka. Mchonga mawe katika machimbo ya upande wa Njiru huvuta vumbi lenye silika, na punje zake ndogo hukaa ndani ya mapafu na kuyatia makovu polepole. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na mwenye nao ana uwezekano wa kupata kifua kikuu mara kadhaa zaidi ya asiye nao. Sasa tuutazame uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliokamilika mwaka 2016. Ulikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, na kiwango cha wanaume kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni sigara, pombe na uzembe wa wanaume kwenda kliniki. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini wanaume ndio pia wanaojaa kwenye machimbo na kwenye kazi za mjengo, kliniki za umma hufanya kazi saa zilezile ambazo wao wako kazini, na kibarua anayekosa siku moja hana hakika kwamba kesho yake atachukuliwa tena langoni.

Mfikirie pia mlinzi wa usiku wa Kilimani au Industrial Area. Zamu ya saa 12 kwa siku sita ni ya kawaida katika kazi hiyo, maana yake saa 72 kwa wiki, bila kuhesabu mwendo wa miguu wa kwenda na kurudi nyumbani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Mlinzi huyu akishauriwa afanye mazoezi na apate usingizi wa kutosha, anapewa ushauri sahihi ambao mkataba wake unamkataza kuufuata. Hata tabia tunazozilaumu mara nyingi zimeshikamana na kazi yenyewe: dereva wa masafa ya usiku hutafuna miraa ili asisinzie, na mtu wa mjengo hula kile kinachoshibisha haraka kwa pesa kidogo. Kuzitenga tabia hizo na ajira, kana kwamba mtu alizichagua akiwa sebuleni kwake, ni kosa la uchambuzi.

Pana ugumu mmoja ambao pande zote mbili huupitia juujuu, nao ni kutenganisha kazi na makazi. Anayefanya kibarua kiwandani huishi karibu na kiwanda kwa sababu hana nauli, kwa hiyo moshi anaouvuta mchana ndio anaolala nao. Mgawanyiko huu haukujitokeza wenyewe: mwaka 1913 Profesa William Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza watu watenganishwe makazi kwa rangi kwa kisingizio cha kuzuia maradhi, na Waafrika wakazidi kusukumwa mashariki, ambako ndiko mito ya Nairobi inakoelekea ikiwa imebeba uchafu wa jiji. Dandora, palipo na jaa kuu la taka za jiji, iko upande huohuo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha utafiti uliopima watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Watoto hawa hawana ajira wala tabia ya kulaumiwa. Tabaka la wazazi wao lilitosha.

Kwa nini basi upande wa kazi unaonekana dhaifu katika takwimu zetu? Sababu kubwa ni kwamba kazi za watu wengi wa Nairobi hazina kumbukumbu. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta isiyo rasmi, na mtu mmoja anaweza kuwa machimboni mwaka huu, kwenye mjengo mwakani, kisha bodaboda. Kifua kikimbana baada ya miaka 10, hakuna mwajiri wala faili la kuonyesha vumbi lilitoka wapi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi, lakini inamtaka mgonjwa awe na mwajiri wa kudaiwa. Aidha, aliyedhoofika kibarua chake huota nyasi, naye mara nyingi hurudi kijijini kuuguzwa, kwa hiyo anayekwenda kupima afya ya walio kazini huwakuta wenye nguvu waliobaki. Udhaifu huu wa kipimo umejulikana kwa wataalamu tangu karne ya 19, lakini katika jiji ambalo wagonjwa wake huondoka kwa basi la usiku, una uzito wa pekee.

Hata hivyo, sipendekezi tuache kuzungumzia sigara na pombe. Vumbi la silika na sigara vikikutana huharibu mapafu kuliko kimoja peke yake, na mchonga mawe anayeacha kuvuta anajipa nafasi bora hata kama mwajiri wake hatanunua barakoa wala kumwagia mawe maji. Kumwambia kwamba hatima yake imekwisha kuamuliwa na tabaka lake ni kumnyang'anya kile kidogo kilicho mikononi mwake. Pingamizi langu ni kwa ushauri unaoishia hapo, kwa kuwa unamwachia mzigo wote mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba, huku mwenye machimbo haulizwi lolote.

Bima mpya ya afya ya jamii, iliyoanza Oktoba 2024, inagusa sehemu ya tatizo hili. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, ilhali kwa asiye na mwajiri kanuni ziliweka kiwango cha chini kuwa shilingi 300 kwa mwezi, zikitaka mchango wa mwaka mzima ulipwe kwa mkupuo. Kwa anayelipwa kila jioni, mpango huo ni mgumu hata kama jumla yake si kubwa. Na hata bima ikifika kwa wote, italipia matibabu ya kiharusi cha mlinzi bila kupunguza saa zake. Kazi hiyo ni ya ukaguzi wa mahali pa kazi, na ukaguzi nao unahitaji ushahidi wa mahali watu wanakougulia. Kaunti ya Nairobi inaweza kuanzia kwenye kliniki za kifua kikuu zilizo karibu na machimbo ya Njiru na viwanda vya Embakasi, ambako mgonjwa tayari huandikishwa umri na makazi yake, na kumwandikia pia kazi tatu za mwisho alizofanya, muda wa kila moja, na kama palikuwa na vumbi.