Ukijaza Tanki Tu, Inazima
Pikipiki kuharibika sina ugomvi nako. Ikatike cheni, iungue klachi, chuma ni chuma. Ugomvi wangu ni na pikipiki inayougua tukiwa wawili tu barabarani, halafu inapona ikiona watu.

Hii yangu inatoka Ubungo na heshima zake. Inapanda Baruti, inapita Bucha, ikifika Korogwe inaanza kukohoa. Nikivuta mafuta, nguvu ndiyo zinazidi kupungua. Bajaji zinanipita. Nyuma nimempakia mama wa watu na ndoo ya dagaa, ananigusa bega: "Baba, umesinzia?" Mara puu, imezima. Tunasimama pembeni tunatazamana, nasubiri kidogo, napiga kiki, inawaka utadhani ilikuwa inatutania.

Kijiweni kila mtu profesa. "Plagi hiyo, mwanangu." Nikanunua plagi. "Koili hiyo, ikichemka inakata moto, ikipoa inarudisha." Hoja hiyo ina akili, koili mbovu kweli hufanya hivyo, nikanunua koili. "Mafuta yana maji." Nikamwaga kabureta, nikapuliza jeti, vile vitundu vyake vya kupitisha mafuta, mpaka kichwa kikauma. Kuna mmoja hana hata baiskeli, naye akaniambia hayo ni mambo ya jirani, nikaoge maji ya chumvi. Angalau ya huyo ilikuwa nafuu kuliko koili.

Nikaipeleka kwa fundi. Unajua fundi akianza kazi anafanya nini? Anafungua kifuniko cha tanki, anachungulia kama mna mafuta, anafunga. Kisha akapanda, akazunguka nayo mtaa mzima, inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akarudi anacheka: "Dogo, hii nzima. Mbovu ni dereva." Hela ya kunitukana akachukua.

Nikaanza kuichunguza mwenyewe. Nikiweka mafuta ya elfu tatu tatu, ina adabu. Siku abiria wa Kibaha amenilipa vizuri, nikajaza tanki kwa raha zangu, haikufika hata Kimara Mwisho. Nikasema basi, nimepewa pikipiki isiyotaka kuniona na hela!

Mzee mmoja fundi pale Manzese hakucheka. Alilegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga kopo, koki wazi. Mafuta yakatoka vizuri, yakapungua, yakawa matone, yakakata. Tanki limejaa! Akafungua kifuniko: fsss! Mafuta yakamwagika tena kama kawaida.

Akanieleza. Mafuta yakishuka kwenda kabureta, lazima hewa iingie juu ijaze nafasi, ndiyo maana kifuniko kina kitundu. Kitundu kikiziba, tanki linayavuta mafuta kwa ndani mpaka yanagoma kushuka. Tanki likiwa karibu tupu, hewa iliyomo ni nyingi, unakwenda mbali kabla ya kugoma. Likijaa, hewa ni kiduchu, huchukui muda umekwama. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka. Na mimi wa elfu tatu tatu, kila nikifika sheli nafungua kifuniko, naitibu bila kujua. Hata yule aliyeniita mbovu aliitibu palepale, kwa kuchungulia!

Sasa nani kaziba? Mzee akageuza kifuniko. Ndani kuna duara la mpira wa tyubu, limekatwa kwa mkasi, limegandishwa kwa gundi. Kazi ya bosi wangu hiyo, mwenye pikipiki ninayempelekea hesabu ya siku, kasikia mahali kwamba petroli inapaa kwa jua.

Nikampigia. "Shikamoo mzee. Ugonjwa umepatikana, ni ule mpira uliobandika kwenye kifuniko."

"Marahaba. Kwa hiyo unataka mafuta yapae?"

"Mafuta nanunua mimi, mzee."

"Pikipiki ya nani?"

"Yako."

"Haya."

Nikaona nisikate tamaa, nikagusia hela ya plagi na koili. Ghafla mtandao ukaanza kukatakata. "Hallo? Hallo? Sikusikii kijana... hesabu ya jana... hallo?" Hapo kwenye hesabu sauti ilikuja safi kabisa.